Misaada Baada ya Mafuriko: Tunasaidia au Tunajifariji?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili wa hapa Bristol. Wapo waliokosa kwa sababu ya zamu za kazi, na wapo ndugu walioko nyumbani walioomba wayasome, kwa hiyo nayaweka kama nilivyoyasema.)



Kwanza nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mimi si mwanasiasa wala si mtaalamu wa uchumi. Ni nesi, nimesomea uuguzi hadi shahada, na kazi yangu ni ya wodini. Wengi wenu mmezoea kuniona kwenye misiba na kwenye pilau la Idi, si mbele ya kipaza sauti. Lakini Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie suala la misaada sikuweza kukataa, kwa sababu nina deni. Mwaka 2019 nilikuwa katibu wa kamati yetu iliyokusanya misaada kwa ajili ya waliopatwa na Kimbunga Idai, na mpaka leo hatujawahi kukaa chini tukaulizana: yale tuliyoyafanya yalimsaidia nani?

Leo kikao hiki kinatakiwa kuamua kama tuendelee na utaratibu uleule wa kukusanya vitu kila yanapotokea maafa, au tubadilike. Kabla hamjanyoosha mikono naomba mnisikilize. Na nitakapotaja makosa, mjue mkosaji namba moja ni huyu anayezungumza.

Tukumbushane kidogo. Mwanzoni mwa Machi 2019 mvua kubwa zilileta mafuriko Malawi na Msumbiji. Mfumo ule wa mvua ukarudi baharini, ukajizoa nguvu kwenye maji ya moto ya Mlango wa Msumbiji, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi ukaipiga Beira. Upepo ulizidi kilomita 160 kwa saa. Bahari ikapanda mjini. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na mashamba na vijiji vikageuka bahari nyingine. Watu walikaa siku kadhaa juu ya mapaa na juu ya miti wakingoja kuokolewa. Upande wa Zimbabwe, kule Chimanimani, mawe na matope yaliporomoka usiku yakazoa nyumba na watu wake. Katika nchi hizo tatu walikufa zaidi ya watu 1,000, na walioathirika walikuwa kama milioni 3.

Barabara kuu ya kuingia Beira ilikatika. Simu zilizimika. Hospitali kuu ya mji iliezuliwa mapaa, pamoja na sehemu ya vyumba vya upasuaji. Mimi ni nesi, naomba mnielewe hapo. Hebu fikirieni wenzangu wale, manesi wa Beira, ambao nyumba zao wenyewe zimeanguka, watoto wao hawajui walipo, na bado wameingia zamu katika wodi isiyo na paa.

Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kikaja Kimbunga Kenneth, kikapiga Cabo Delgado. Haikuwahi kurekodiwa kabla ya hapo vimbunga viwili vikali namna ile kuipiga Msumbiji katika msimu mmoja. Mimi kwetu ni Mtwara, na siku ile shule na ofisi zilifungwa, watu wakaambiwa waondoke maeneo ya hatari. Mama yangu alinipigia simu akiwa amefunga hati ya shamba na dawa zake za presha kwenye mfuko wa nailoni. Kimbunga kikapita kusini ya Ruvuma. Kisiwa cha Ibo ndicho kilichoharibiwa karibu chote, na kule wanasema Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiisikiliza kwa makini anaambulia mengi. Kwa hiyo nawaomba tusiseme haya ni mambo ya Msumbiji. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tena wengine hapa hatujui kwamba Bristol na Beira ni miji ndugu tangu mwaka 1990. Kwa hiyo mwaka ule tulipoanza kuchangishana, hata wenyeji wa mji huu walikuwa na sababu ya kutuunga mkono.

Sasa nije kwenye kontena.

Wengi mnakumbuka. Tulikusanya nguo, viatu, mablanketi, vyakula vya makopo na vyombo. Ukumbi ulijaa mpaka jukwaani. Tulipiga picha, tukazituma nyumbani, tukapongezwa. Tukachangishana pauni 3,100 za kusafirisha kontena, fedha za watu wanaobeba maboksi usiku, na za akina mama wanaosafisha ofisi alfajiri. Kimbunga kilipiga Machi. Kontena liliondoka Uingereza Juni, likafika bandarini, likakaa. Karatasi moja ilikosekana, nyingine ilitakiwa iwe kwa Kireno, na kila siku gharama za kukaa bandarini zinapanda. Tukachangishana tena. Mzigo ulitoka mwezi wa Oktoba, joto la Beira limeshaanza, na sisi tumejaza mablanketi.

Hilo si baya kuliko yote. Ndani ya kontena lile kulikuwa na maboksi matano ya dawa, na aliyeyakusanya ni mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikichukua vidonge vilivyobaki: vya presha, vya kisukari, antibayotiki za nusu dozi, dawa za kikohozi za watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada upo tangu mwaka 1996. Unasema dawa inayotumwa iwe inahitajika kule iendako, iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, iwe na maelezo kwa lugha inayoeleweka, na dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa isitumwe kabisa. Nilifundishwa hayo darasani, na nikayajibu kwenye mtihani. Lakini moyo ulipowaka niliyaweka pembeni, kwa sababu nilitaka nami nionekane nimefanya kitu. Dawa zile zilizuiliwa zikateketezwa, na kuteketeza dawa nako kuna gharama. Gharama ile hakuilipa aliyezituma. Waliilipa watu waliokuwa na mambo mengine mia ya kushughulikia.

Wodini kwetu wakati ule kulikuwa na dada mmoja wa Beira, msaidizi wa wauguzi. Nilimfuata kwa furaha nikamwambia, tunakusanya nguo kwa ajili ya watu wenu. Akanishukuru kwa adabu. Nikamwona hajachangamka, nikamuuliza. Akaniambia, "Dada, mama yangu ana nguo. Hana paa." Kisha akanieleza kwamba simu ziliporudi alimtumia mama yake pauni sabini. Mama akanunua mabati machache, misumari na mchele, vyote palepale Beira. Akamlipa kijana wa jirani kupigilia, na kijana yule naye akapata cha kula. Pauni sabini zilifika kwa siku mbili, zikaezeka chumba na kulisha nyumba mbili. Sisi na pauni zetu zaidi ya elfu tatu tulikuwa bado tunabishana kuhusu rangi ya utepe wa kufungia maboksi.

Kuna jambo jingine alilonifundisha dada yule. Msumbiji mitumba wanaiita "calamidades", yaani maafa. Jina hilo lilitokea miaka ya 1980, wakati wa vita na ukame, nguo zilipokuwa zikiingia kwa wingi kama misaada ya maafa, nyingi zikaishia sokoni. Jamani, watu wamepokea nguo zetu kuukuu kwa muda mrefu mpaka nguo zenyewe zimepewa jina la balaa. Na sisi tukadhani tunawapelekea jambo jipya.

Nasema haya si kwa kumlaumu mtu. Waliotoa walitoa kwa moyo safi, na Mungu ataangalia nia zao. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hiyo ni kweli. Lakini moyo peke yake haumtibu mgonjwa. Mgonjwa ukimpenda sana ukampa dawa isiyo yake, mapenzi yako hayatamwokoa.

Basi tuulizane, ni nini kilichookoa watu kule?

Waokoaji wa kwanza walikuwa majirani na wavuvi wenye mitumbwi. Ndivyo ilivyo katika kila mafuriko. Kabla ndege haijatua, aliyeshika mkono wako ni jirani. Kisha zikaja helikopta za Afrika Kusini, na meli za jeshi la majini la India ambazo zilikuwa safarini kwenye bahari ile zikageuzwa kwenda Beira. Tanzania ilituma chakula na dawa kwa ndege za jeshi. Cuba ilituma hospitali ya muda na watumishi wa afya 40, wakakaa wakitibu na kupasua.

Tarehe 27 Machi wakathibitishwa wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu. Hapo ndipo sisi wa afya tulipoanza kuogopa. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, kwa sababu mwili unamwaga maji yote kwa kuharisha na kutapika. Asipotibiwa, kati ya wagonjwa wawili wa namna hiyo mmoja anaweza kufa. Akipewa maji ya chumvi na sukari mapema, na dripu yule aliyezidiwa, anayekufa ni chini ya mmoja katika 100. Dawa yenyewe ni rahisi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ugumu unakuwa kuyapata hayo maji safi wakati mji mzima umefunikwa na maji machafu.

Angalieni kilichotokea Beira na wilaya za jirani. Waliougua walikuwa zaidi ya 6,000. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni 8. Nasema tena: wanane. Katika eneo lililoharibiwa vile, hiyo ni kazi kubwa. Imefanyikaje? Manesi na wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani walikuwepo, wanaijua lugha, wanaijua mitaa, wakafungua vituo vya matibabu mara moja. Klorini ya kusafishia maji na pakiti za chumvi na sukari zilifika mapema. Na chanjo ya kunywa ilikuwa imekwisha wekwa akiba, kwa sababu tangu mwaka 2013 dunia ina ghala la pamoja la chanjo hiyo kwa ajili ya dharura. Karibu dozi 900,000 ziliingia Beira mwanzoni mwa Aprili, chanjo ikaanza tarehe 3, na kwa muda wa chini ya wiki moja watu zaidi ya 800,000 wakawa wamechanjwa.

Ukiyachambua unakuta mambo matatu: watu wa palepale waliofunzwa, vitu vilivyowekwa akiba kabla ya maafa, na fedha iliyofika upesi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa ndani ya kontena letu.

Sasa najua kuna mzee hapa ameshajiandaa kuniuliza: "Mwanangu, ukituma fedha taslimu si zitaliwa?" Ni swali la haki na sitalikwepa. Msumbiji yenyewe ilikumbwa na kashfa ya mikopo ya siri, kama dola bilioni 2 zilizokopwa mwaka 2013 na 2014 bila bunge kujua, zikafichuka mwaka 2016. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York mwaka 2024. Kwa hiyo wizi upo, na tusiufiche.

Lakini naomba tuongeze mambo mawili. Kwanza, vitu navyo vinaliwa. Mwezi Aprili 2019 Human Rights Watch walitoa taarifa kwamba baadhi ya wanawake walionusurika na Idai walilazimishwa na viongozi wa mitaa kutoa miili yao ili wapewe chakula cha msaada. Chakula, ndugu zangu, si fedha! Gunia la mchele likipitia mkononi mwa mtu mmoja mwenye orodha ya majina, na mama hana pa kulalamika, gunia lile linageuka silaha. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani ana mamlaka juu ya mpokeaji, na mpokeaji akidhulumiwa atamwambia nani. Mama wa yule dada aliyetumiwa pauni sabini kwa jina lake hakumpigia magoti mtu.

Pili, mikopo ile ya siri haikupangwa Maputo peke yake. Ilipangwa na mabenki yenye ofisi hapahapa London, na mabenki yalipata ada zake. Tukisema Waafrika wezi, tumalizie sentensi. Mwizi wa kule alikuwa na mwenzake wa huku, amevaa suti na anapanda treni ileile tunayopanda sisi kwenda kazini.

Na hapa ndipo nataka tutofautishe sadaka na mshikamano.

Mimi nimekulia Mtwara, na bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za hospitali ya FRELIMO, ile iliyopewa jina la daktari Américo Boavida wa Angola. Majeruhi wa vita vya ukombozi walivushwa Ruvuma wakaletwa pale. Bibi alikuwa akiwapelekea uji. Wakati ule kusini kwetu kulikuwa na umaskini ambao vijana wa leo hamuwezi kuufikiria, na mabomu ya Wareno yaliwahi kuua watu wetu upande wa Tanzania. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba yeye ni mfadhili. Alikuwa jirani aliyejua kwamba bunduki ile inayompiga wa ng'ambo ya mto itamfikia na yeye.

Mwaka 1970 hospitali ya mji wa Reggio Emilia, Italia, ilifunga undugu na hospitali ya FRELIMO ya Cabo Delgado. Hospitali kwa hospitali, wauguzi kwa wauguzi. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 undugu ule ukahamia kwenye miji yenyewe, Reggio Emilia na Pemba. Mtu aliyekufahamu kabla ya maafa hakuulizi saizi ya nguo siku ya maafa. Anakupigia simu kukuuliza unahitaji nini, na anajua jina la atakayepokea.

Tena naomba nijivunie kidogo: Samora Machel alikuwa nesi. Alisomea uuguzi Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akafanya kazi hospitalini huku akiona wauguzi weusi wakilipwa chini ya weupe kwa kazi ileile. Mwaka 1963 akaondoka kwenda kujiunga na FRELIMO Dar es Salaam. Alikuwa akisisitiza kwamba mshikamano wa kimataifa si sadaka, bali ni kusaidiana kwa watu wanaopigania jambo moja. Ukiwa nesi unamwelewa haraka. Mgonjwa hapewi dawa kwa hisani ya nesi. Anapewa kwa sababu ni haki yake, na kesho kitanda kile kinaweza kuwa cha nesi.

Sasa tuangalie ile misaada mikubwa ya mataifa. Mwezi Aprili 2019, mwezi mmoja tu baada ya Idai, Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118. Magazeti yakaandika msaada. Haukuwa msaada, ulikuwa mkopo. Hauna riba, ni kweli, lakini unalipwa. Nchi iliyobomolewa ikaongezewa deni la kujijenga upya. Mwishoni mwa Mei wafadhili wakakutana Beira. Mahitaji ya kujenga upya baada ya vimbunga vile viwili yalikadiriwa kuwa dola bilioni 3.2. Walizoahidi ni bilioni 1.2, na ahadi, ndugu zangu, si fedha mkononi; sisi tuliowahi kuchangisha harusi tunajua.

Na mvua hazikungoja. Januari 2021 Beira ikapigwa tena na Eloise. Mwaka 2023 Freddy akaipiga Msumbiji mara mbili, kisha akaua mamia ya watu Malawi. Desemba 2024 Chido akapiga Mayotte na Cabo Delgado, mkoa ambao tangu Oktoba 2017 uko kwenye vita na vituo vingi vya afya vimeharibiwa. Bahari ikipata joto hulisha vimbunga, hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na kina cha bahari kinapopanda mawimbi huingia mbali zaidi. Mkulima wa Buzi hakuchangia karibu chochote katika joto hilo. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara hizo, na mwaka 2023 Dubai wakaanza kuahidi fedha. Ahadi zote za pale hazikufika dola bilioni moja kwa dunia nzima. Linganisheni na bilioni 3.2 za Msumbiji peke yake.

Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Mwaka huohuo serikali ya hapa tunapoishi ikatangaza kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027. Wapo wanaosema vizuri, Afrika ijitegemee. Na mimi nataka ijitegemee. Lakini mgonjwa huwezi kumtoa kwenye oksijeni kwa kuchomoa waya usiku mmoja, halafu ukasema unamfundisha kupumua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba nimalizie na mapendekezo matatu, myapigie kura.

La kwanza, tuache makontena. Tuanzishe mfuko wa dharura, kila mwenye uwezo pauni tano kwa mwezi, mwaka mzima, pawe na maafa au pasiwe. Tuchague mapema nani tutamtumia, tumpigie simu sasa kabla ya mvua, tujue anaaminiwa na watu wake. Maafa yakitokea, ziondoke ndani ya siku tatu. Na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, zangu mimi mtunzaji zikiwa za kwanza kukaguliwa. Anayetaka kutoa nguo aziuze hapa, alete fedha.

La pili, tufunge undugu na kituo kimoja cha afya, kimoja tu, Cabo Delgado au kusini kwetu Mtwara na Lindi. Sisi manesi na madaktari wa jumuiya hii tuzungumze nao kila mwezi. Wao ndio watuambie: wanahitaji tangi la maji, mafuta ya jenereta, posho ya wahudumu wa kijiji, au hawahitaji chochote kutoka kwetu ila kusikilizwa. Wakisema hapana kwa jambo tunalolipenda, iwe hapana.

La tatu, tutumie sauti tuliyonayo. Wengi wetu hatujui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura hata katika uchaguzi wa bunge la Uingereza, bila kungoja pasipoti ya hapa. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, na hata Mmsumbiji, maana nchi yao iliingia mwaka 1995. Twende tukajiandikishe. Kisha tumwandikie mbunge wetu tumwulize maswali mawili. Nchi ikipigwa na mafuriko, kwa nini malipo ya madeni yake yasisimame palepale? Na mabenki ya London yanapokopesha kwa siri, nani anayelipa? Barua moja haitabadilisha dunia. Barua 300 kutoka jimbo moja mbunge atazisoma.

Ndugu zangu, yule dada wa Beira aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake siku ile. Aliniuliza, "Mlipokuwa mnakusanya, mlimpigia nani simu kule?" Hatukumpigia mtu. Tulikuwa na ukumbi mzima wa watu wenye huruma, na hakuna aliyepiga simu.

Safari hii tuanze na simu.

Maswali nayakaribisha, na yale makali ndiyo nayataka zaidi. Mungu awarehemu waliotangulia, na awape nguvu waliobaki.